Mtoto anapopenda mbio za magari: mzazi ashike usukani au aachie?

Jua linapopoa mjini Kismayo, bajaji na pikipiki hujaa barabarani, na kando yake hukaa watoto wanaoweza kutaja aina ya injini kwa kusikia mlio tu, kabla chombo hakijatokea konani. Visiwani, kuanzia Koyama na Ngumi hadi Chovai na Chula, ambako gari ni jambo la kusimuliwa, shauku hiyohiyo huelekea kwenye mashine ya boti. Mtoto huomba ashike mkono wa mashine, na akishaushika, jambo la kwanza atakalo ni kuongeza kasi.

Simu za mkononi zimeikuza shauku hiyo. Kila mwaka mbio za Safari Rally zinapofanyika Naivasha, nchini Kenya, picha za magari yanayoruka matuta na kuzama katika vumbi huwafikia watoto wa mwambao siku ileile. Ndipo mzazi anapoambiwa neno asilolitarajia: "Baba, mimi nataka kuwa dereva wa mashindano." Wengine hucheka. Wengine hukemea. Wachache huuliza mtoto anamaanisha nini.

Makala haya ni kwa ajili ya mzazi anayetaka kuuliza. Yanaeleza mchezo huu ni upi, wazazi wengine wa Afrika Mashariki na wa mbali waliupokea vipi, hatari yake ni ya kiasi gani, gharama zake zinatoka wapi, na nini kinawezekana kwa familia isiyo na uwanja wala gari la mashindano.

Mchezo wenye matawi mengi

Mbio za magari si mchezo mmoja. Tawi linalofahamika zaidi kwetu ni rali. Katika rali, magari hayashindani ubavu kwa ubavu. Kila gari huondoka peke yake, dakika chache baada ya lililotangulia, na hupimwa muda linaotumia kumaliza kipande cha njia kilichofungwa kwa magari mengine yote. Ndani huwamo watu wawili: dereva, na mwelekezi anayemsomea maelezo ya njia waliyoyaandika walipoikagua kabla ya mashindano, yaani kona inayofuata imepinda kiasi gani, baada ya mita ngapi, na nyuma ya kilima kuna nini. Dereva huendesha kwa masikio kama anavyoendesha kwa macho. Nahodha anayepita penye miamba kwa kumsikiliza baharia wa omo atalifahamu jambo hilo bila kuelezwa sana.

Tawi la pili ni mbio za uwanjani, ambako magari huzunguka njia moja ya lami na kushindana ana kwa ana. Formula 1 ndiyo kilele chake. Madereva wake karibu wote walianza utotoni na gokati, yaani magari madogo yasiyo na paa, yenye injini ndogo, yanayokwenda karibu kabisa na ardhi. Nairobi ina viwanja vya gokati, na nchini Uingereza, ambako Wabajuni wengi wameweka makazi, mtoto anaweza kuanza kushindana na gokati akiwa na umri wa miaka 6.

Tawi la tatu ni mbio za pikipiki katika njia za udongo zenye matuta, zinazojulikana kama motokrosi. Watoto huanza na pikipiki ndogo za cc 50, kisha hupanda hadi cc 65, cc 85 na kuendelea. Uganda ina kiwanja mashuhuri cha motokrosi huko Garuga, karibu na Entebbe, na Kenya hutumia kiwanja cha Jamhuri, Nairobi. Siku ya mashindano, mzazi ndiye anayebeba mafuta, anayefunga kamba za buti na anayesubiri kwenye ukingo wa njia akihesabu mizunguko.

Matawi yote haya husimamiwa. Magari yako chini ya Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, lililoanzishwa mwaka 1904 na lenye makao makuu Paris, na kila nchi mwanachama ina chombo chake cha kutoa leseni. Hilo ni muhimu kwa mzazi. Mashindano yasiyo na leseni, daktari, bima wala msimamizi hayahesabiwi kuwa mchezo huu, hata kama wanaoyafanya huyaita hivyo.

Safari Rally na familia zake

Afrika Mashariki haikuupokea mchezo huu jana. Mwaka 1953, kwa ajili ya kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yalianzishwa mashindano yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 yaliitwa East African Safari, na mwaka 1974 yakapewa jina la Safari Rally. Wakati ule magari yalikwenda maelfu ya kilomita katika barabara za kawaida, kati ya mvua, tope na wanyama. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari 7 tu yaliyofika mwisho. Mbio hizo ziliondolewa katika Ubingwa wa Dunia wa Rali baada ya mwaka 2002, zikarejea Juni 2021. Sasa hukaa zaidi pande za Naivasha, na vipande vyake vya kushindania muda huwa na jumla ya kilomita kati ya 320 na 390.

Ukiifuatilia historia ya Safari, utaona ni historia ya familia. Vic Preston alishinda mwaka 1954 na 1955, na mwanawe mwenye jina lilelile akaja kuwa dereva mashuhuri wa rali. Carl Tundo, aliyeshinda Safari mara kadhaa, ni mtoto wa dereva Frank Tundo.

Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932, alijifunza ufundi wa magari katika gereji ya baba yake, mhamiaji kutoka Punjab. Hakuanza na gari la kifahari. Alianza na spana. Baadaye alifanya kazi ya kuwasaidia wenye magari yaliyoharibikia njiani, kazi iliyomfunza barabara za Kenya na maradhi ya kila aina ya gari. Mwaka 1965, akiwa na nduguye Jaswant katika kiti cha mwelekezi, alishinda Safari kwa gari aina ya Volvo ambalo tayari lilikuwa limekwisha tumika. Akashinda tena mwaka 1974 na 1976. Aliposhiriki Safari mara 22, alimaliza mara 19, na madereva wenzake walisema siri yake ilikuwa moja: alijua gari linaumwa wapi kabla halijakufa.

Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alikuwa miongoni mwa familia zenye asili ya Asia zilizolazimika kuiacha nchi hiyo mwaka 1972, zama za Idi Amin. Mwaka uliofuata alishinda Safari kwa gari la Datsun 240Z, kisha akashinda mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Wasomaji wetu waliotawanyika tangu mwaka 1991, kutoka visiwani hadi Lamu, Mombasa na ng'ambo, hawana haja ya kuelezwa maana ya kuanza upya katika nchi ya wengine na kuinua jina.

Katika kizazi cha sasa yupo McRae Kimathi wa Kenya. Baba yake, Phineas Kimathi, alikuwa dereva wa rali kabla ya kuwa kiongozi wa mchezo huo nchini mwake na mmoja wa waliopigania kurejea kwa Safari katika ubingwa wa dunia. Alimpa mwanawe jina la Colin McRae, dereva wa Scotland aliyeshinda Safari mwaka 1997, 1999 na 2002. Februari 2022 kijana huyo alikwenda Sweden kushindana juu ya theluji na barafu, mambo ambayo mtoto wa Afrika Mashariki hakui nayo. Wakati mwingine urithi wa baba huwa jina tu, na jina hilo likawa deni.

Baba watatu, njia tatu

Wako wazazi wasiokuwa madereva, na kisa chao kina mafunzo zaidi kwa walio wengi.

Wa kwanza ni baba wa Michèle Mouton, binti wa Ufaransa aliyeanza rali mwanzoni mwa miaka ya 1970 akiwa mwelekezi. Baba yake alipoona binti yake amenogewa, hakumkataza, wala hakumwachia ovyo. Alimwambia atamnunulia gari na kumgharamia msimu mmoja. Ukiisha bila mafanikio, ataacha. Binti alifaulu. Mwaka 1981, akiwa na mwelekezi wake Fabrizia Pons, alishinda rali ya Sanremo nchini Italia na kuwa mwanamke wa kwanza kushinda mashindano ya Ubingwa wa Dunia wa Rali. Mwaka uliofuata alishinda Ureno, Ugiriki na Brazil, na ubingwa wa dunia ukawa karibu kuwa wake. Wakaja Afrika, Côte d'Ivoire, na kabla tu ya kuanza mashindano akapata habari kwamba baba yake amefariki. Wasia wa baba ulikuwa kwamba ashindane. Akashindana, akaongoza kwa muda mrefu, gari likamharibikia, ubingwa ukaenda kwa Walter Röhrl wa Ujerumani. Mouton baadaye alikabidhiwa na FIA uongozi wa tume ya wanawake katika mchezo huu, na pia kazi ya kusimamia usalama katika rali.

Wa pili ni Anthony Hamilton, mtoto wa wahamiaji kutoka kisiwa cha Grenada waliohamia Uingereza. Mwanawe, Lewis, alianza kushindana na gokati akiwa na umri wa miaka 8. Gokati ya kwanza ilikuwa iliyokwisha tumika. Baba aliacha kazi ya kudumu akafanya kazi za mkataba, wakati fulani kazi kadhaa kwa pamoja, ili apate fedha na nafasi ya kuwa uwanjani mwisho wa wiki. Sharti lake lilikuwa shule: msaada utaendelea mradi mtoto asome kwa bidii. Mwaka 1998 kampuni za McLaren na Mercedes zilimchukua kijana katika mpango wao wa kulea madereva, na mwaka 2008 akawa bingwa wa dunia wa Formula 1. Mwaka 2010 baba na mwana waliacha kufanya kazi pamoja kama meneja na dereva. Mzazi akiwa mwajiriwa wa mwanawe, au mwana akiwa mradi wa baba yake, mapenzi huanza kuhesabiwa kwa matokeo, na wengi wamegundua hilo wakiwa wamechelewa.

Wa tatu ni Harri Rovanperä wa Finland, naye dereva wa rali. Mwanawe, Kalle, alikuwa akiendesha gari juu ya ziwa lililoganda akiwa na umri wa miaka 8. Watu waliotazama video zake walistaajabu. Wengine walimlaumu baba. Lakini ziwa lile halikuwa barabara ya watu. Na kwa kuwa sheria za nyumbani zilimzuia kushindana akiwa mdogo, familia ilimpeleka Latvia, ambako sheria ilimruhusu kushindana katika njia zilizofungwa, huku sehemu za barabara ya kawaida zikiendeshwa na mwelekezi wake, mtu mzima mwenye leseni. Mwaka 2016, akiwa na miaka 16, alikuwa bingwa wa Latvia. Mwaka 2022, siku moja baada ya kutimiza miaka 22, akawa bingwa wa dunia mdogo kuliko wote katika historia ya rali. Mwaka huohuo, na tena mwaka 2024, alishinda Safari Rally.

Baba hawa hawakufanana kwa mali wala kwa tabia. Wanakutana katika jambo moja: kila mmoja aliweka mpaka ulio wazi. Mmoja aliweka muda, mmoja shule, mmoja mahali. Mtoto alijua tangu mwanzo lango liko wapi na linafungwa lini.

Upo pia mfano wa upande wa pili. Jos Verstappen, baba wa bingwa wa dunia Max Verstappen, anajulikana kwa ukali wake wakati wa malezi ya mwanawe. Wao wenyewe wamesimulia jinsi mwaka 2012, baada ya kijana kupoteza ubingwa wa dunia wa gokati kwa kosa lake huko Italia, baba alikataa kusema naye njiani na wakati mmoja akamshusha kwenye kituo cha mafuta. Max hamlaumu baba yake. Lakini kwa kila mtoto aliyeiva kwa moto wa namna hiyo, wapo waliounguzwa, na hao hatuwajui kwa sababu hawakufika kwenye runinga.

Hofu ya mama ina haki yake

Hakuna maelezo ya mchezo huu yanayokamilika bila kutaja mauti. Aprili 2023 dereva Craig Breen wa Ireland, ambaye baba yake pia alikuwa dereva wa rali, alifariki akifanya mazoezi nchini Croatia. Mwaka 1994 Roland Ratzenberger na Ayrton Senna walifariki katika siku mbili zinazofuatana huko Imola, Italia. Mwaka 1986 gari liliacha njia katika rali ya Ureno likavamia watazamaji, na baada ya misiba ya mwaka huo magari yenye nguvu kupita kiasi ya kundi lililoitwa Group B yalipigwa marufuku. Mama anayesema "sitaki mwanangu afe" hasemi la upuuzi.

Lakini misiba hiyo haikuachwa ipite bure. Baada ya kila mmoja, wasimamizi waliuliza chombo kilishindwa wapi. Leo ndani ya gari la rali mna fremu ya vyuma inayozuia paa lisibonyee, mikanda inayomfunga dereva mabegani na kiunoni, mavazi yanayostahimili moto, na kifaa kinachoshikilia helmeti ili shingo isivunjike gari linaposimama ghafla. Baada ya ajali ya Jules Bianchi huko Japan mwaka 2014, iliyomsababishia kifo mwaka uliofuata, Formula 1 ilizidisha jitihada za kulinda kichwa cha dereva, na kuanzia mwaka 2018 kila gari likawekewa upinde wa titani juu ya kiti. Wengi waliupinga kwa kuwa haupendezi. Novemba 2020, huko Bahrain, gari la Romain Grosjean lilipenya ukuta wa chuma, likakatika vipande viwili na kuwaka moto. Baba huyo wa watoto watatu alitoka mwenyewe baada ya takriban nusu dakika ndani ya moto. Upinde ulikuwa umekilinda kichwa chake.

Sasa mzazi alinganishe na barabara ya kawaida. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, na ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Kijana anayependa kasi, akiwa hana kiwanja, hana helmeti na hana wa kumwelekeza, hataiacha kasi. Ataitafutia mahali, na mahali penyewe ni barabara ya sokoni, pikipiki ya kukodi, na mwenzake nyuma asiyeshika kitu. Utafiti uliokusanya tafiti nyingi umeonyesha kwamba helmeti hupunguza uwezekano wa mwendesha pikipiki kufa katika ajali kwa takriban asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Haidhuru mtoto awe na ndoto ya Formula 1 au ya kuendesha bodaboda. Helmeti ndiyo zawadi ya kwanza.

Fedha zinatoka wapi?

Jambo linalozima ndoto nyingi kuliko hofu ni bei. Gari la rali la daraja la Rally3, ambalo ni la vijana wanaopanda ngazi, mwanzoni liliwekewa na FIA ukomo wa bei wa Euro 100,000 bila kuhesabu matairi, usafiri, mafundi na matengenezo. Gokati na pikipiki ndogo ni nafuu zaidi, lakini nazo hula: mtoto hukua, na kila mwaka mmoja au miwili helmeti, mavazi na hata chombo chenyewe huwa havimtoshi tena. Ndiyo maana orodha ya mabingwa imejaa watoto wa madereva na watoto wa matajiri, na ndiyo maana kisa cha Hamilton husimuliwa sana: ni cha nadra.

Hata hivyo mchezo huu una milango mingi kuliko kiti cha dereva. Kila gari linaloshindana Naivasha lina mafundi nyuma yake, na katika muda mfupi uliopangwa wa matengenezo wao ndio wanaoamua kama litaendelea. Kuna waelekezi, wapima muda, waokoaji, madaktari, wasimamizi wa njia, watangazaji. Milango hii hufunguliwa kwa ujuzi kuliko kwa mali. Joginder Singh aliingia kupitia gereji. Mouton aliingia kupitia kiti cha mwelekezi. Na kwa wanaodhani milango hii ni ya wavulana tu, Uganda ilipata bingwa wa taifa wa rali mwanamke, Susan Muwonge, mwaka 2011.

Kwetu inawezekana nini?

Kismayo haina kiwanja cha mbio za magari, na katika visiwa hata barabara ya kuendeshea gari hakuna. Kumwambia mtoto wa Chula kwamba mwaka ujao atakuwa Naivasha ni kumdanganya. Lakini kumwambia kwamba shauku yake haina maana pia ni uongo.

Wazee wa mwambao wana ujuzi wa jambo hili hasa. Bahari imechukua watu wengi kuliko mbio zote za magari, na hata hivyo hakuna baba mvuvi aliyemlea mwanawe kwa kumficha bahari. Alimpeleka kwa daraja. Kwanza mtoto alimwaga maji yaliyoingia chomboni. Kisha alishika kamba. Kisha akafundishwa tanga, mikondo, nyota na miamba. Msukani aliupata mwisho, akiwa amekwisha jua kuogopa panapostahili kuogopwa. Msimu wa kusi, bahari inapochafuka, baba alisema "leo hatutoki", na mtoto alijifunza kwamba nahodha bora ni yule anayejua siku ya kukaa pwani. Wazee wetu walipohimiza watoto wafundishwe kuogelea na kupanda farasi, hawakuwa wakihimiza hatari. Walihimiza ujuzi unaoishinda.

Daraja hizo zinaweza kufuatwa leo. Mtoto anayependa injini apelekwe kwa fundi wa mashine za boti au wa bajaji anayeaminika, baada ya masomo, akaoshe vipuri na kujua jina na kazi ya kila kimoja. Afundishwe kusoma ramani na kuandika maelezo ya njia. Hiyo ni kazi ya mwelekezi na haihitaji hata lita moja ya mafuta. Aelezwe sheria za barabara na umri wa leseni. Asome hesabu na fizikia, maana kasi, uzito na msuguano ndivyo vinavyoamua gari litakaa njiani au litapinduka. Na Kiswahili chake, kinachoeleweka Nairobi, Kampala na Arusha, ni daraja jingine. Tangu Somalia ijiunge kikamilifu na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi Machi 2024, mipaka kati ya kijana wa hapa na viwanja vya majirani imekuwa ni jambo linalojadiliwa katika meza moja.

Maswali ya kujiuliza kabla ya kujibu

Wazazi walioko ng'ambo au katika miji yenye viwanja, ambao ombi la mtoto linaweza kutekelezwa kesho, wana maswali machache ya kuuliza kabla ya kulipa ada yoyote.

Je, klabu ina leseni ya chombo cha mchezo huo cha nchi husika, na siku ya mashindano kuna daktari na gari la wagonjwa? Je, bima inamgusa mtoto mwenyewe au chombo tu? Je, helmeti ni ya kipimo chake na haijawahi kupata ajali? Helmeti iliyokwisha gonga haifai tena, hata kama haina ufa unaoonekana.

Je, matumizi ya mwaka mzima yamehesabiwa, na ndugu zake hawatanyimwa shule kwa ajili yake? Je, tumekubaliana lini tutaketi tena kuamua kama aendelee?

Na swali la mwisho, ambalo mzazi hujiuliza akiwa peke yake: ndoto hii ni ya nani? Mtoto anayesema "leo sitaki" na kusikilizwa ana usalama ambao fremu ya vyuma haiwezi kumpa. Anayeendesha ili baba asinune hubonyeza mafuta pale alipopaswa kushika breki.

Jibu la mzazi linaweza kuwa ndiyo, linaweza kuwa hapana, linaweza kuwa "bado". Lililo muhimu ni kwamba mtoto aliyeuliza apewe jibu lenye sababu, kama baharia mdogo alivyopewa kazi ya kumwaga maji na kuambiwa kwa nini msukani haujawa wake.